Bao Moja Lina Thamani Gani?

Takwimu za mechi za kufuzu kwa fainali za Kombe la Dunia huvutia masikio ya wengi. Lakini nyuma ya kila takwimu kuna kanuni, na kanuni hiyo ndiyo inayoamua nani asafiri na nani abaki nyumbani. Ifuatayo ni nakala ya makala yetu ya michezo.

Usiku wa tarehe 14 Oktoba 2025, katika mji wa Uyo, kusini mwa Nigeria, mashabiki walikuwa wamekwisha kuanza kushangilia. Victor Osimhen alikuwa amefunga mabao matatu peke yake, wageni wao Benin walikuwa wamekata tamaa, na dakika 90 zilikuwa zimetimia. Ndipo, katika dakika za majeruhi, Frank Onyeka alipopachika bao la nne. Kwa aliyekuwa akiutazama mchezo ule peke yake, bao hilo lilikuwa pambo tu. Tatu bila na nne bila zina tofauti gani, ikiwa pointi ni zile zile tatu?

Tofauti ilikuwa mbali na Uyo, katika mji wa Ouagadougou. Burkina Faso ilikuwa imemaliza mechi zake zote siku mbili kabla, kwa kuilaza Ethiopia mabao 3-1, na sasa ilikuwa imekaa ikisubiri matokeo ya wengine. Bao la Onyeka ndilo lililoifungia mlango.

Mpenzi msikilizaji, baada ya matokeo hayo swali lilifika mezani petu kutoka Muscat, Oman. Mwulizaji alitaka kujua ni shule gani inayofundisha kwamba 17 ni zaidi ya 21. Alikuwa na haki ya kuuliza. Katika kundi lake Burkina Faso ilipata pointi 21 na kufunga mabao 23. Nigeria ilipata pointi 17 na mabao 15. Hata hivyo Nigeria ndiyo iliyoendelea mbele. Ili kumjibu msikilizaji wetu inatupasa kwanza tuifuate hesabu yenyewe hatua kwa hatua, kisha turudi nyuma miaka mingi, tuone namna thamani ya bao ilivyokuwa ikipanda na kushuka kila kanuni zilipobadilishwa.

Mabao kumi yaliyofutwa

Kwa fainali za mwaka 2026, ambazo Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, lilizipanua kutoka timu 32 hadi 48, Afrika ilipewa nafasi tisa za moja kwa moja. Timu ziligawanywa katika makundi tisa, na kila mshindi wa kundi akajipatia tiketi yake. Zaidi ya hapo, timu nne zilizoshika nafasi ya pili kwa matokeo bora zilipangiwa mchujo wa Afrika, ili apatikane mmoja wa kwenda kwenye mchujo wa mabara.

Kupanga washindi wa pili wa makundi tofauti ni sawa na kulinganisha wanafunzi waliofanya mitihani tofauti. Ugumu ukaongezeka pale Eritrea ilipojitoa mwaka 2023, hata kabla ya mechi ya kwanza. Eritrea ilikuwa katika Kundi E, pamoja na Tanzania, Morocco, Zambia, Niger na Congo-Brazzaville. Kundi hilo likabaki na timu tano huku mengine yakiwa na sita. Mshindi wa pili wa Kundi E angekuwa amecheza mechi nane, na wenzake kumi.

Dawa iliyotumika ni ya siku nyingi katika mashindano ya aina hii: kwa kila mshindi wa pili, ondoa matokeo ya mechi zake dhidi ya timu iliyoshika mkia katika kundi la timu sita. Hapo wote wanabaki na mechi nane, na mizani inakuwa sawa.

Sasa tazama dawa hiyo ilivyofanya kazi. Katika kundi la Burkina Faso timu ya mwisho ilikuwa Djibouti. Burkina Faso iliifunga Djibouti 4-1, kisha 6-0. Pointi hizo sita zikafutwa, na mabao kumi yakafutwa pamoja nazo. Kutoka pointi 21 ikabaki na 15. Katika kundi la Nigeria timu ya mwisho ilikuwa Zimbabwe. Nigeria ilishindwa kuifunga Zimbabwe mara zote mbili, kila mara ikitoka sare ya 1-1. Zikafutwa pointi mbili tu, na kutoka 17 ikabaki na 15.

Kwa hiyo timu hizo mbili zikawa sawa kwa pointi, na mwamuzi akawa tofauti ya mabao. Burkina Faso ilikuwa imebaki na mabao 13 ya kufunga na saba ya kufungwa, yaani sita ya ziada. Nigeria ilikuwa na 13 ya kufunga na sita ya kufungwa, yaani saba ya ziada. Bao moja ndilo lililoamua. Kama mchezo wa Uyo ungemalizika kwa 3-0, timu zote mbili zingekuwa na ziada ya mabao sita, na hapo kigezo kinachofuata ni wingi wa mabao ya kufunga: Burkina Faso 13, Nigeria 12. Tiketi ingekwenda Ouagadougou.

Je, Burkina Faso ilidhulumiwa? Mtetezi wa kanuni atasema kwamba bila ya kuondoa mechi hizo, mshindi wa pili wa Kundi E angeumia kwa kosa ambalo si lake. Mpinzani naye atasema kwamba timu iliyotimiza wajibu wake dhidi ya mnyonge imenyang'anywa jasho lake, na iliyoteleza dhidi ya mnyonge imesamehewa. Kauli zote mbili zina ukweli ndani yake. Kanuni ililinda haki ya kundi moja kwa kupunguza haki ya jingine, na kila mtu anayesoma msimamo wa makundi anapaswa kulijua hilo kabla ya kuanza kupiga hesabu za vidole. Hata Uganda, iliyoshika nafasi ya pili nyuma ya Algeria katika kundi lake, ilipitia mizani hiyo hiyo na haikuingia miongoni mwa nne bora.

Kigali, mwaka 2005

Wanigeria wenye kumbukumbu ndefu wanajua kwamba mizani hiyo iliwahi kuwaelemea wao. Miaka 20 kabla ya usiku wa Uyo, tarehe 8 Oktoba 2005, zilichezwa mechi mbili kwa wakati mmoja. Mjini Abuja Nigeria iliichapa Zimbabwe 5-1. Mjini Kigali, Rwanda ilikuwa ikicheza na Angola, na matokeo yalikuwa bado 0-0 wakati kipindi cha pili kikielekea ukingoni.

Katika mashindano yale ya kufuzu kwa fainali za mwaka 2006 Nigeria ilimaliza ikiwa na pointi 21, imefunga mabao 21 na kufungwa saba. Angola nayo ilimaliza na pointi 21, lakini imefunga mabao 12 tu na kufungwa sita. Tofauti ya mabao ya Nigeria ilikuwa 14, ya Angola ilikuwa sita. Kwa mizani ya mwaka 2025, Nigeria ingesafiri kwenda Ujerumani bila ya swali.

Lakini kanuni za mashindano yale zilisema vingine. Timu mbili zikilingana kwa pointi, kigezo cha kwanza kilikuwa matokeo yao zilipokutana zenyewe kwa zenyewe. Mwezi Juni 2004 mjini Luanda, Angola iliifunga Nigeria 1-0 kwa bao la nahodha wake, Akwá, katika dakika za mwisho. Mwaka uliofuata, mjini Kano, zilitoka sare ya 1-1. Angola ilikuwa juu.

Kwa hiyo kule Kigali Angola ilihitaji ushindi wowote, hata wa bao moja. Zikiwa zimesalia kama dakika kumi, Akwá yule yule akafunga kwa kichwa. Mabao matano ya Abuja yakawa hayana kazi. Angola, nchi iliyokuwa imemaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka mitatu tu kabla, ikafuzu kwa fainali za Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake.

Linganisha sasa matukio haya mawili. Mwaka 2005 Nigeria ilikuwa na mabao mengi ya ziada na kanuni haikuyatazama. Mwaka 2025 ilikuwa na ziada ya bao moja na kanuni ikaitazama hiyo kabla ya jambo jingine lolote. Kilichobadilika katika miaka 20 ni mpangilio wa vigezo, nani atangulie na nani afuate.

Kutoka kura hadi penalti

Ukirudi nyuma zaidi utakuta enzi ambapo mabao hayakuhesabiwa kabisa baada ya kipenga cha mwisho. Katika kuwania nafasi ya fainali za mwaka 1954, Uhispania iliifunga Uturuki 4-1 mjini Madrid. Katika mechi ya marudiano Uturuki ikashinda 1-0. Kwa jumla ya mabao Uhispania ilikuwa mbele, 4-2. Lakini kanuni za wakati ule zilitazama ushindi tu, na kila mmoja alikuwa ameshinda mara moja. Ikapangwa mechi ya tatu mjini Roma, nayo ikamalizika kwa sare ya 2-2 hata baada ya muda wa ziada.

Ndipo ikapigwa kura. Kijana wa Kiitaliano wa umri wa miaka 14 alifungwa kitambaa machoni na kuombwa achague karatasi moja. Akaitoa ya Uturuki. Uhispania ikabaki nyumbani kwa mkono wa mtoto asiyeona anachokishika.

Afrika nayo ina kisa chake cha namna hiyo, na mwisho wake unafurahisha zaidi. Katika kuwania fainali za mwaka 1970, Morocco na Tunisia zilitoka 0-0 mara mbili. Mechi ya tatu ikachezwa katika nchi isiyohusika, mjini Marseille, Ufaransa, mwaka 1969, na ikamalizika 2-2. Mshindi akapatikana kwa bahati nasibu, na bahati ikaiangukia Morocco. Timu hiyo ikaendelea hadi fainali za Mexico.

Miaka minane baadaye majirani hao wawili wakakutana tena, wakiwania fainali za mwaka 1978. Mara hii zikatoka 1-1 mara mbili. Lakini wakati ule kanuni za soka zilikuwa zimekwisha kupokea njia mpya ya kumpata mshindi, na tarehe 9 Januari 1977 timu hizo zikapiga mikwaju ya penalti ya kwanza kuwahi kupigwa katika mechi za kufuzu kwa Kombe la Dunia. Tunisia ikashinda 4-2.

Tunisia haikuishia hapo. Ilifika Argentina mwaka 1978 na kuifunga Mexico 3-1, ushindi wa kwanza wa timu ya Afrika katika fainali za Kombe la Dunia. Mtu anaweza kujiuliza historia hiyo ingeandikwaje kama mwaka 1977 pia watu wangetumia bahati nasibu.

Zinapolingana kwa kila kitu

Ipo mechi nyingine inayoonyesha kwamba hata kanuni zikiongezwa, hesabu inaweza kukwama. Katika kuwania fainali za mwaka 2010 Misri na Algeria zilikuwa kundi moja pamoja na Zambia na Rwanda. Kabla ya mechi ya mwisho mjini Cairo, tarehe 14 Novemba 2009, Algeria iliongoza kwa pointi tatu. Misri ilihitaji ushindi wa tofauti ya mabao matatu ili ifuzu moja kwa moja. Ushindi wa mabao mawili ungezifanya zilingane.

Misri ilifunga bao la kwanza mapema, kupitia Amr Zaki. La pili likaja katika dakika za majeruhi, kwa kichwa cha Emad Moteab. Uwanja wa Cairo ukalipuka kwa shangwe, ingawa timu yao ilikuwa haijafuzu bado. Kila moja sasa ilikuwa na pointi 13, mabao tisa ya kufunga na manne ya kufungwa. Zilipokutana zenyewe, Algeria ilishinda 3-1 mjini Blida na Misri 2-0 mjini Cairo, yaani tatu kwa tatu.

Ikabidi ichezwe mechi ya ziada katika nchi nyingine, Sudan. Tarehe 18 Novemba 2009 mjini Omdurman, Antar Yahia akafunga bao pekee na Algeria ikafuzu. Gharama ya usawa huo ilikuwa kubwa. Basi la wachezaji wa Algeria lilikuwa limerushiwa mawe mjini Cairo kabla ya mechi ya kwanza, na baada ya ile ya Omdurman Misri ilimwita nyumbani balozi wake kutoka Algiers.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya kukumbuka jambo moja dogo katika kisa hicho. Mwezi Machi mwaka ule Algeria ilikwenda Kigali na kulazimishwa sare ya 0-0 na Rwanda. Kama Algeria ingeshinda siku ile, hata kwa bao moja, ushindi wa Misri wa mabao mawili mjini Cairo usingeitosha. Rwanda ilimaliza ya mwisho katika kundi, lakini sare yake moja ndiyo iliyowapeleka wengine Omdurman.

Mabao 31 kwa siku moja

Tukigeukia idadi kubwa kuliko zote, yatupasa twende Australia. Tarehe 11 Aprili 2001, katika mji wa Coffs Harbour, Australia iliifunga Samoa ya Marekani mabao 31-0. Hakuna mechi nyingine ya kimataifa ya wanaume inayotambuliwa na FIFA yenye tofauti kubwa kuliko hiyo. Archie Thompson alifunga mabao 13 peke yake, na David Zdrilic manane. Siku mbili kabla, Australia ilikuwa imeifunga Tonga 22-0.

Aghalabu takwimu hiyo hutajwa kwa kicheko. Lakini tuwatazame waliofungwa. Samoa ya Marekani ni visiwa vichache vya bahari ya Pasifiki vilivyo chini ya Marekani. Kabla ya mashindano, wachezaji wake wengi walizuiliwa kwa sababu za hati za kusafiria. Ikalazimika kuwatumia vijana, baadhi yao wa miaka 15. Mlinda mlango Nicky Salapu, ambaye alikuwa miongoni mwa wachache waliokidhi masharti, ndiye aliyeokota mpira wavuni mara 31. Katika mechi nne timu hiyo ilifungwa mabao 57 bila ya kufunga hata moja.

Na je, mabao hayo yaliisaidia nini Australia? Katika kundi lake ilifunga mabao 66 na haikufungwa hata moja. Ikaifunga New Zealand 2-0 na 4-1. Lakini eneo la Oceania wakati ule halikuwa na nafasi kamili ya kwenda fainali, na mshindi wake alipaswa kupambana na timu ya Amerika Kusini. Mwezi Novemba 2001 Australia ikaifunga Uruguay 1-0 mjini Melbourne, kisha ikafungwa 3-0 mjini Montevideo. Timu iliyofunga mabao 73 katika safari nzima ikazitazama fainali za mwaka 2002 kwenye televisheni. Mwaka 2006 ikalihama eneo hilo na kujiunga na Shirikisho la Soka la Asia. Oceania yenyewe ilisubiri hadi fainali za mwaka 2026 kupata nafasi yake ya kwanza ya moja kwa moja, iliyochukuliwa na New Zealand mwezi Machi 2025.

Samoa ya Marekani nayo ilipata siku yake. Mwezi Novemba 2011, katika mji wa Apia, iliifunga Tonga 2-1. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia, na mlangoni alikuwa amesimama Nicky Salapu yule yule. Ukimwuliza yeye thamani ya bao, sidhani kama angeanza na lile la 31.

Rekodi za mtu mmoja mmoja

Mabao ya wachezaji binafsi yanatufundisha jambo hilo hilo. Kwa miaka kadhaa mfungaji bora wa mechi za kufuzu duniani kote alikuwa Carlos Ruiz wa Guatemala, mwenye mabao 39. Matano kati ya hayo aliyafunga katika mechi yake ya mwisho ya kimataifa, mwaka 2016. Ruiz hakucheza fainali za Kombe la Dunia hata mara moja, kwa sababu nchi yake haikuwahi kufuzu. Mwezi Oktoba 2025 Cristiano Ronaldo wa Ureno alimpita kwa kufikisha mabao 41, Ureno ilipotoka sare ya 2-2 na Hungary. Lionel Messi wa Argentina ana 36.

Upande wa ulinzi, mashindano ya Afrika ya kufuzu kwa fainali za mwaka 2026 yaliacha rekodi ya aina yake. Tunisia na Ivory Coast zilicheza mechi kumi kila moja bila ya kufungwa bao hata moja. Tunisia ilifunga mabao 22, Ivory Coast 25. Hizo hazikuhitaji kusoma kifungu chochote cha vigezo vya ziada. Anayeongoza kundi halazimiki kuwa mwanahesabu.

Idadi iliyo nyuma ya idadi zote

Mpenzi msikilizaji, tumezungumzia pointi na mabao. Lakini ipo namba moja inayozitawala hizo zote, nayo ni idadi ya nafasi. Bao la Onyeka lilikuwa na thamani kwa sababu zilikuwapo nafasi nne za washindi wa pili. Kwa miaka mingi Afrika haikuwa na hata nafasi moja iliyo yake.

Misri ilikuwa ya kwanza kufika, mwaka 1934, baada ya kuifunga Palestina, iliyokuwa chini ya utawala wa Uingereza, mabao 7-1 na 4-1. Baada ya hapo ilipita miaka 36 kabla ya timu nyingine ya Afrika kuonekana. Kwa fainali za mwaka 1966 FIFA ilipanga kwamba mshindi wa Afrika akapambane na mshindi wa Asia kuwania nafasi moja kati ya 16. Rais Kwame Nkrumah wa Ghana na viongozi wa soka wa Afrika walikataa, na timu 15 za bara hilo zikasusia. Nafasi ile ikachukuliwa na Korea Kaskazini, iliyoifunga Australia 6-1 na 3-1 mjini Phnom Penh. Lakini kususia huko kulizaa matunda. Kuanzia fainali za mwaka 1970 Afrika ikapewa nafasi moja ya uhakika. Mwaka 1974 nafasi hiyo pekee ilichukuliwa na Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko. Zikawa nafasi mbili mwaka 1982, tatu mwaka 1994, tano mwaka 1998, na tisa mwaka 2026.

Uchache wa nafasi ndio unaoufanya msiba wa Zambia uwe mzito zaidi. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyokuwa ikiwapeleka wachezaji wa Zambia Senegal kwa mechi ya kufuzu ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon. Watu wote 30 waliokuwamo walikufa, wakiwamo wachezaji 18. Nchi ikakusanya timu mpya karibu na nahodha Kalusha Bwalya, aliyekuwa akicheza Ulaya na hakuwamo katika ndege hiyo. Timu hiyo mpya ilifika mechi ya mwisho ya kundi, tarehe 10 Oktoba 1993 mjini Casablanca, ikihitaji sare tu dhidi ya Morocco. Ikafungwa 1-0. Afrika ilikuwa na nafasi tatu, na mshindi wa pili wa kundi hakuwa na mlango mwingine wa kubisha hodi.

Namna ya kusoma msimamo

Kwa msikilizaji wetu wa Muscat, na kwa wengine wote wanaofuatilia mechi hizi kutoka Mombasa hadi Minnesota, ushauri wangu ni mfupi. Kabla ya kutazama nani ana pointi ngapi, jiulize mambo matatu. Kwanza, nafasi ni ngapi, na je, wa pili ana mlango? Pili, timu zikilingana, kigezo kipi kinatangulia: mabao yote, au matokeo ya wenyewe kwa wenyewe? Tatu, je, ipo mechi itakayofutwa mwishoni? Mwenye majibu ya maswali hayo matatu ataelewa kwa nini kocha anapiga kelele timu yake ikiwa mbele kwa mabao matatu na dakika zimekwisha.

Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi hazijawahi kuonja fainali za Kombe la Dunia za wanaume. Nafasi zilipokuwa moja au mbili, ndoto hiyo ilikuwa mbali. Sasa zikiwa tisa, bao moja linalofungwa Nairobi au Dar es Salaam katika mechi inayoonekana imekwisha laweza kuja kudaiwa miezi mingi baadaye. Ni vyema tukajizoeza kuyahesabu mapema.

Na lile bao la Onyeka? Liliipeleka Nigeria kwenye mchujo uliofanyika Morocco mwezi Novemba 2025. Huko iliifunga Gabon 4-1 katika muda wa ziada, kisha ikatoka 1-1 na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mjini Rabat, na kushindwa kwa mikwaju ya penalti 4-3. Mkwaju wa mwisho ulipigwa na nahodha wa Congo, Chancel Mbemba. Thamani ya bao la Uyo ilidumu mwezi mmoja na siku mbili.

Kufikia hapo, mpenzi msikilizaji, ndio mwisho wa makala yetu. Kama una swali kuhusu kanuni au takwimu za mchezo wowote, tuandikie, nasi tutalitafutia jibu.